Majani ya Matogoro kwa Meza ya Bibi

Nilipelekwa nyumbani kwa Wazungu kwa sababu ya kikapu. Ulikuwa mwaka wa njaa, vita vimeshakwisha, na sisi wanawake tuliotoka porini kujisalimisha tuliwekwa katika vibanda vya nyasi nyuma ya boma la Songea. Kutwa tulibeba mawe na kuchota maji, jioni tukapewa kila mmoja konzi mbili za mtama. Hata mtama huo uliletwa kwa msafara kutoka mbali, maana kwetu hapakubaki kitu. Askari walichoma maghala, wakachoma na mahindi mabichi shambani, wakaswaga mbuzi.

Mimi nina mikono isiyotulia. Nikiketi tu, vidole vinatafuta cha kusuka. Siku moja, wakati wenzangu wamelala kwenye kivuli cha ukuta kusubiri mtama, nilipasua mianzi iliyobaki kwenye ujenzi nikaanza kikapu. Mke wa afisa mmoja akapita, akasimama. Alikuwa mwanamke mwembamba, uso umemwiva kwa jua. Alikichukua kikapu mikononi mwangu kabla sijakimaliza, akakigeuza chini juu, akasema neno kwa mpishi wake aliyekuwa nyuma yake.

Mpishi akaniambia, "Bibi anasema kesho uje nyumbani kwake. Utachota maji na kutafuta kuni. Ana kazi nyingine ya mikono atakuonyesha."

Nilikwenda. Kwa nini nisiende? Mume wangu alikuwa amekwenda vitani na wenzake, wamenyunyiziwa maji ya dawa, wamejifunga mabua ya mtama, wakakutana na ile bunduki ya mfululizo ambayo watu waliiita bombom. Hakurudi, wala sikuonyeshwa alipoangukia. Mama mkwe wangu alinifia porini, tumejificha, baada ya kula mizizi tusiyoijua. Mtoto sikuwa naye. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, na kitu pekee nilichokuwa nakitaka duniani ni chakula. Nayasema haya ili anayesoma asije akanidhania ushujaa.

Mpishi alikuwa mtu mzima wa pwani, Mwislamu, mvi zimeanza kumwingia ndevuni. Alikuwa amezunguka na misafara ya Wazungu miaka mingi. Asubuhi ya kwanza nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanimiminia ukoko wa uji uliobaki chini ya sufuria. "Kula polepole, binti," akasema. "Tumbo lililokaa na njaa halitaki haraka. Nimeona watu katika safari wakifa na chakula mdomoni."

Nilikula polepole. Nilimsikiliza, na maneno yale niliyasikia vizuri kabisa.

Kazi ya mikono nilionyeshwa mvua zilipoanza. Bibi aliniita sebuleni akafungua kitabu chenye picha. Ilikuwa picha ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na katikati ya meza kulikuwa na kitu cha mviringo, kama kata anayojitwisha nayo mtu mtungi, lakini kimejaa majani mabichi, matunda madogo na mishumaa. Nyumba ya kwenye picha ilikuwa na watoto wengi. Bibi aliweka kidole juu ya ile kata ya majani, akanitazama.

"Fanya hii," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, lakini siku hiyo alitafuta maneno. "Sikukuu kubwa inakuja. Kuzaliwa Bwana. Kwetu iko miti hii. Hapa hapana. Wewe tafuta kwa msitu. Kitu kizuri, kitu kibichi."

Nilimuuliza mpishi jikoni, "Inaliwa?"

"Hailiwi. Inatazamwa."

"Wanaitazama wakifanya nini?"

"Wakila," akasema mpishi, akaendelea kumenya viazi.

Nilipewa karatasi yenye muhuri ili askari wa lango aniruhusu kutoka, nikaenda Matogoro peke yangu na kikapu kikubwa cha mgongoni. Kutoka bomani ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu asiye na nguvu. Milima ile naijua tangu utoto. Kwenye mabonde yake yenye vijito, mawe yamevaa majani laini kama manyoya, ambayo siku hizi wanafunzi huyaita kuvumwani. Juu zaidi, miti imeota ndevu za kijivu zinazoning'inia. Kuna kangaga, yale majani yanayojikunja ncha kama mkia wa kinyonga. Chini ya miombo kuna maganda ya mbegu, makavu, yamejipinda baada ya kupasuka. Na mwezi ule masuku, yale matunda ya porini, yalikuwa yameanza kuiva.

Sikuwa peke yangu msituni. Kila nilipopita niliona mashimo ya watu waliochimba ming'oko na mizizi mingine, na baadhi ya mashimo yalikuwa na watu bado. Walikuwa wakichimba kwa vijiti, majembe hawana. Mzee mmoja alikuwa amekaa pembeni ya shimo lake, amechoka, kijiti mkononi. Nilipita mbele yake nikiwa nimebeba kuvumwani na ndevu za miti. Alitazama kikapu changu.

"Hayo yanaliwa?" akaniuliza. Hakuwa ananidhihaki. Alitaka kujua, kama kuna mtu amegundua namna ya kuyapika.

"Hayaliwi, baba."

Alitikisa kichwa, akarudi kulitazama shimo lake. Nilichuma masuku kama ishirini nikala nusu papo hapo. Mengine niliyaficha chini ya kangaga, niliona aibu kuonekana nayo.

Nilisuka mviringo kwa mitambaazi ya msituni, ile myembamba inayokubali kupinda, nikaufunga kwa kamba za magome ya mwombo. Juu yake nikalaza kuvumwani, nikachomeka kangaga zikitazama nje, nikatawanya ndevu za kijivu, na maganda yaliyojipinda nikayapanga kama maua. Katikati niliacha nafasi nne za mishumaa ya nta. Mishumaa mpishi aliikanda mwenyewe, maana ya dukani ilikuwa imekwisha. Masuku niliyaweka kwa kuyazungusha, rangi yake ya udongo na manjano ikakaa vizuri na kijani. Nitasema ukweli: kilikuwa kizuri. Nilirudi nyuma hatua mbili kukitazama nikajisikia furaha, kisha nikajichukia.

Bibi alipiga makofi. Machozi yalimtoka. Alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema maneno mengi kwa lugha yake. Kwa siku tano wakala pale pamoja na wageni, na masuku yale yakaoza mezani pasipo mtu kuyagusa. Siku ya sita kuvumwani lilikuwa limegeuka kahawia na kangaga zimesinyaa.

"Leta nyingine," bibi akasema.

Safari ya pili ndipo nilipomkuta wifi yangu.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Nilipoolewa, yeye ndiye aliyenipokea mlangoni, ndiye aliyenionyesha ghala la mama mkwe linafunguliwaje na mzee wa nyumba anapenda uji wa namna gani. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Nilimpita bila kumjua. Aliketi nyuma ya jabali karibu na kijito, miguu imevimba mpaka vidole havionekani, na ubavuni pake amelala mtoto. Sauti ndiyo iliyonisimamisha. Aliniita kwa cheo changu, mke wa mdogo wangu.

Nilidondosha kikapu. Tulishikana, hatukulia. Nilihisi mifupa yake yote.

"Nilisikia uko bomani," akasema.

"Niko kwa Wazungu. Nachota maji."

"Wanakupa chakula?"

"Wananipa."

Mtoto alikuwa binti yake wa mwisho, wa miaka minne hivi. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyekundu na chache. Alinitazama kama wazee wanavyotazama mgeni, bila kushangaa. Nilikuwa na kipande cha ugali mkavu kiunoni, nikawapa. Wifi alikitafuna kwanza, kisha akakitoa mdomoni akampa mtoto kidogo kidogo.

Nilimwambia, "Twende bomani. Mtapata mtama."

"Nani anigawie mtama? Waliomnyonga mume wangu?" Mumewe alinyongwa na wengine wengi, mbele ya watu walioitwa kutazama. Yeye alikuwa miongoni mwa watazamaji, na usiku wa kuamkia kesho yake akakimbilia milimani na mtoto. "Na wanawake wasiokuwa na waume wanapewa askari. Umeona mwenyewe. Watoto wanagawiwa pia. Mimi sishuki."

Sikubishana naye. Niliyaona hayo kweli. Mimi mwenyewe niliokolewa na kikapu tu.

"Basi nitakuletea," nikasema.

"Utapitaje langoni?"

Nilimwonyesha kuvumwani.

Ndivyo ilivyoanza. Kila nilipotumwa Matogoro nilitoka na mfuko mdogo wa makombo umefungwa chini ya nguo: ukoko, maganda ya viazi, maharage yaliyoganda sufuriani, siku moja kipande cha mkate. Lakini bibi alinituma mara moja kwa juma tu, na juma ni refu kwa mtu mwenye njaa. Kwa hiyo nikaanza kuliua lile pambo. Asubuhi, kazi yangu ilikuwa kulinyunyizia maji ili lisikauke. Nikayatia maji chumvi. Siku ya pili kangaga zikaanza kuwa nyeusi nchani, siku ya tatu pambo zima limelala kama mboga iliyochemshwa.

Bibi alisikitika. "Kwa nini inakufa upesi?"

"Joto, bibi. Majani ya mlimani hayapendi nyumba."

"Nenda tena."

Nikaenda tena, na tena. Kila pambo nililisuka vizuri kuliko lililotangulia ili asichoke kulitaka. Nililitia matunda mekundu ya porini, manyoya ya kanga, magamba ya konokono yaliyooshwa na mvua. Nilikuwa nasuka kitu na kukiua, kukisuka na kukiua, na mikono yangu ilikuwa inakipenda wakati wote huo. Sijui kama nimelieleza vizuri jambo hili.

Mpishi aligundua kwa sababu ya chumvi. Chumvi ilikuwa adimu, na yeye ndiye aliyeitunza. Alinikuta nikichota kwa kidole.

"Binti, unaitia wapi?"

Nilikificha kidole mgongoni.

Alinitazama sana. Kisha akakifunika chombo. "Majivu yanafanya kazi hiyohiyo," akasema, "na majivu hakuna anayeyahesabu." Tangu siku hiyo, kila nilipotumwa msituni, nilikuta kifurushi cha mabaki kilichofungwa kwa majani ya mgomba pembeni ya jiko. Hakuniuliza nampelekea nani. Siku moja tu alisema, huku amenipa mgongo, "Kama kuna mtoto, mpe uji mwembamba. Mwembamba kama maji. Usimpe kitu kizito mpaka siku nyingi zipite."

Makombo yale hayakutosha watu wawili. Wifi alikuwa anampa mtoto, yeye mwenyewe analamba majani ya mgomba. Kisha mvua zikazidi na jabali lile halikuwa paa. Nilipokwenda siku mbili kabla ya sikukuu, nilimkuta hawezi kusimama, na mtoto anakohoa.

"Mchukue," akaniambia.

"Nitampeleka wapi? Nitasema ni wa nani?"

"Sema umemzaa. Sema umemwokota. Mchukue tu. Akibaki hapa atakufa kwanza, nami nitamtazama."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu mzima."

Ndani ya boma kulikuwa na hesabu ya vichwa. Mtoto mpya angeulizwa alikotoka, na aliyemleta angepelekwa kuonyesha porini kuna nani mwingine. Hilo wifi alilijua kama mimi. Alimvua mtoto kipande cha gome alichokuwa amevaa, kwa kuwa kilikuwa kimelowa, akampangusa kwa kiganja. Alimwambia kwa Kingoni alale, asilie, anakwenda kula kwa shangazi. Mimi si shangazi yake, ni mke wa mjomba wake, lakini wifi alisema shangazi. Mtoto akaniangalia, akakubali. Nilitandika kangaga chini ya kikapu, nikamlaza amejikunja, nikamfunika kwa ndevu za miti kwanza ili apumue, kisha kuvumwani juu. Hakuwa mzito kuliko mzigo mdogo wa kuni.

Njia nzima nilimsemesha. Alinijibu mara mbili. Tulipokaribia boma alinyamaza, na sikujua kama amelala au amekufa. Sikuthubutu kufunua.

Askari wa lango alinijua sasa. Alikuwa na desturi ya kunitania. "Bibi wa majani," akasema, "leo umeleta nini?" Akatia mkono kikapuni akainua kipande cha kuvumwani. Niliona ndevu za kijivu chini yake zikipanda na kushuka kidogo, kidogo sana. Niliutazama mkono wake. Alikuwa na pete ya shaba.

"Kuna nge humo," nikasema. "Nimemwona akiingia."

Akauondoa mkono upesi, akalaani, akanipungia nipite.

Nilimweka mtoto katika kibanda cha kuni nyuma ya jiko, ambako mimi nililala. Mpishi alikuja akachungulia, akasema, "Inna lillahi," kama anayeona maiti. Akapika uji mwembamba wa mtama akautia sukari punje chache, tukampa kwa kijiko. Aliunywa. Siku ya pili aliunywa tena, akaketi, akaniuliza jina la mbuzi aliyemsikia akilia uani. Nilimwambia mbuzi hana jina. Akasema, basi tumpe. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu vita vianze.

Pambo la siku ya sikukuu ndilo nililolisuka vizuri kuliko yote. Hilo sikulitia chumvi wala majivu. Lilijaa meza, lina matunda mekundu na mishumaa mipya. Walikuja wageni kadhaa, Wazungu, wakaimba wamesimama. Bibi alinipa kaniki mpya, mikono yetu ikagusana, akasema, "Ahsante, ahsante sana." Alikuwa amevaa gauni jeupe na alikuwa amelia tena. Nilimwonea huruma, naye sijui kama alijua sisi tulikuwa tunakula nini.

Mpishi alikuwa na kazi mpaka shingoni. Yule mbuzi alichinjwa, na sahani zilikuwa zinarudi jikoni na mabaki ya nyama, mafuta, mchuzi na ugali wa ngano. Nilikuwa naziosha. Harufu ilikuwa imejaa mpaka kibanda cha kuni, na nilimsikia mtoto akilia. Hakuwa amelia tangu nimlete. Niliingia. Alikuwa amenyoosha mikono.

"Nataka," akasema. "Shangazi, nataka ile."

Nilimwambia angoje uji.

"Nataka ile."

Mpishi aliniambia mara mbili. Nilisikia mara zote mbili. Lakini mtu anayelia njaa mbele yako, na nyama iko mkononi mwako imebaki kwenye sahani ya mtu aliyeshiba, sijui nani angeweza. Labda wengine wangeweza. Nilimpa kipande kimoja. Alikitafuna kwa macho yaliyofumba. Nikampa kingine. Nikampa ugali uliochovywa mafuta. Alikula kwa mikono miwili, mchuzi ukimtiririka mpaka kiwiko, akasema neno moja tu, "Tena." Alipotosheka alijilaza mapajani pangu na akacheka peke yake.

Saa moja baadaye tumbo lilikuwa limekakamaa kama ngoma. Akaanza kujikunja. Nilimwita mpishi, naye aliacha vyungu vyake akaja mbio. Alipoona mfupa sakafuni hakunikemea. Alimkanda, akamwinua, akamnywesha maji ya moto. Hakutapika. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa, ndani ya nyumba Wazungu wakiimba.

Tulimzika pembeni ya shamba la mboga, ambako udongo ulikuwa laini. Nilimfunga kwa ile kaniki niliyopewa asubuhi. Mpishi alinawa, akasimama akasoma dua ya dini yake, akafuta uso kwa viganja. Mimi sikuwa na la kusoma. Aliniuliza jina la mtoto ili alitaje, nikamtajia. Kisha akasema, "Ni ajali, binti." Nilijua si ajali. Alikuwa ameniambia, nami nikampa.

Siku tatu baadaye nilikwenda Matogoro. Bibi alikuwa ameniambia nichukue likizo ya majani, sikukuu imekwisha, lakini nilidanganya kwamba nahitaji kuni za kuwashia jiko zile zinazotoa harufu. Nilibeba mtama mkavu na kipande cha nyama kilichokaushwa. Wifi alikuwa hai. Watu wengine waliojificha walikuwa wamemsogeza kwenye pango dogo, kukavu. Alinisikia nikija, akainuka kwa kiwiko.

"Anaendeleaje?"

"Yuko salama."

"Amekula?"

"Amekula," nikasema. "Alikula nyama. Alishiba."

Alifumba macho. Akalala chali, akatabasamu, na mikono yake iliyokuwa imejikunja vidole ikafunguka. Nilimpa chakula akakila kidogo kidogo, kama nilivyomwelekeza, kama mpishi alivyonielekeza mimi. Nilimsimamia mpaka amalize. Nilimpa kwa kipimo, nikamnyang'anya alipotaka zaidi.

Alipona. Ndiyo, alipona. Nilipata namna ya kumpelekea chakula miezi miwili mitatu, na mavuno madogo ya mwaka ule yalipokuja, Wazungu wakatangaza watu wote warudi kulima, na msako ukapoa. Alishuka na wengine. Nilimpokea njiani, na kabla hajauliza nilimwambia mtoto amekufa kwa homa ya kifua. Alikaa chini pale pale barabarani. Nilikaa naye.

Baadaye nilitoka kwa Wazungu, bibi alirudi kwao, sikumsikia tena. Niliolewa upande wa Mjimwema na mwanamume aliyekuwa amefiwa na mke kwenye njaa ileile. Wifi akajenga karibu nasi, hakuolewa. Tulilima pamoja miaka mingi. Wamisionari waliporudi tukaingia mafundisho wote wawili, nami nikajifunza kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima. Kila Noeli masista walitaka mwanamke wa kupamba altare kwa majani, na kila mara nilisema sijui kupamba.

Nilimwambia wifi ukweli tukiwa shambani, tunapalilia mahindi. Sikuwa nimepanga. Nilisema tu, jembe mkononi, bila kusimamisha kazi, kwa sababu ningesimama nisingesema. Nilimwambia kuhusu nyama, mafuta na maneno ya mpishi.

Alipalilia mstari mzima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua kuna kitu. Siku ile pangoni uliposema alishiba, ulikuwa unatazama miti."

Aliweka jembe begani akaenda kwake. Hakunisalimu msimu mzima. Tulipokutana njiani alipita upande wa pili na mimi sikumlaumu. Mume wangu aliniuliza tumegombana nini, nikamwambia mambo ya wanawake.

Nilipojifungua mtoto wangu wa tatu, binti, uchungu ulinishika vibaya na mkunga alikuwa mbali. Wifi ndiye aliyeingia. Hakubisha hodi. Alinishika mgongo usiku na mchana, akampokea mtoto, akamwosha, akamfunga. Alimshika muda mrefu karibu na moto kabla ya kunipa.

Baada ya hapo alianza kuja tena jioni, kama zamani, tukipukuchua mahindi pamoja mlangoni. Siku moja, tumekaa hivyo, ungo kati yetu, aliniuliza, "Alikula nini hasa?"

Nilimwambia. Nyama ya mbuzi, ya mguu. Ugali wa ngano. Mchuzi.

"Alisema nini?"

"Alisema tena."

Akachukua hindi jingine. "Alipenda sana nyama," akasema. "Baba yake ndiye aliyemzoesha."

Tukaendelea kupukuchua.